Mwenye Nyumba, Fuvu na Pepo wa Arsenal

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tarehe 31 Oktoba haihitaji msaada wa mtu yeyote ili itishe. Kesho yake ni mwezi mpya, na mwezi mpya una mwenye nyumba. Ifikapo saa kumi na mbili jioni, ploti yetu ya Umoja Innercore huanza kutembea kwa ncha za vidole. Redio hupunguzwa. Viatu huingizwa ndani ili mlango usidhaniwe kuwa una watu. Watoto hukumbushwa kusema "Baba hajarudi" kwa uso mkavu ambao ungewafikisha fainali za kitaifa za tamasha za drama.

Si kodi peke yake. Mwisho wa mwezi ndipo kijana wa taka huja kudai pesa zake, soja wa usiku mchango wake, muuza maji wa mitungi deni lake la tangu mifereji ikauke, na mweka hazina wa chama, ambaye huja akitabasamu na ndiye mbaya kuliko wote. Wote hao hubisha mlango. Mkazi mzoefu wa Eastlands huwatambua kwa mlio wa hodi tu: wa taka hugonga kwa sarafu, soja kwa rungu, mweka hazina kwa kucha. Na wote hupewa jibu moja, nalo ni kimya.

Jioni ya namna hiyo ndiyo binti yangu wa miaka tisa aliyoichagua ili ploti nzima isherehekee Halloween.

Habari hizo alizipata kwa binamu yake anayesoma upande wa pili wa mji, katika shule ambako siku moja kwa mwaka watoto huja wamejipaka damu ya bandia na kupewa peremende kwa bidii yao. Huko Westlands na Kilimani sherehe hii imeshika mizizi. Vilabu hutundika utando wa buibui ulionunuliwa dukani, ilhali sisi wa kwetu tunaufagia bure. Huko sherehe ina tiketi, ina geti, na geti lina walinzi. Sisi tuna ngazi.

Nilijaribu kumtoa katika wazo hilo kwa njia ya historia, maana mzazi asiye na pesa huwa na historia. Nikamweleza kwamba zamani sana Waselti wa Ireland na Uskoti walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi. Waliamini kwamba usiku huo wafu hurudi kutembea, ndiyo maana watu wakajifunika nyuso ili wasitambuliwe. Baadaye Kanisa likaweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na ya Marehemu Wote tarehe 2, na mkesha wake ukaendelea kubeba mambo ya zamani. Kisha mwaka 1845 viazi vya Ireland vikaanza kuoza shambani, njaa ikaingia, watu kwa maelfu wakavuka bahari kwenda Marekani. Kwao walikuwa wakichonga taa kwa tanipu, mzizi mgumu wa ukubwa wa ngumi. Marekani wakakuta boga.

Binti yangu alifikiri kidogo. "Kwa hivyo, Baba, ni sherehe ya watu waliokimbia njaa wakapata mboga kubwa zaidi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi hata sisi tunaweza."

Na kusema kweli Mmarekani si mgeni hapa kwetu. Nyumba za Umoja One zilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliopitia USAID, zikakusudiwa ziwe nyumba za chini za wafanyakazi wa kipato kidogo. Leo nyingi zimeongezewa ghorofa hadi aliyezichora angepotea njia. Sisi wa Innercore ndio tuliokuja baadaye kabisa, ghorofa juu ya ghorofa, kamba ya nguo ikigusana na kamba ya nguo ya ploti ya pili, kiasi kwamba unaweza kuanua suruali ya jirani bila kutoka kwako. Ilikuwa ni suala la muda tu kabla ya Halloween kuja kudai nyumba zake.

Mlango mwingine inaoingilia ni Gikomba, soko la mitumba. Huko ng'ambo mtu hununua vazi la Halloween, hulivaa usiku mmoja, kisha hulitoa sadaka. Sadaka hiyo hushindiliwa kwenye robota, robota hupanda meli hadi Mombasa, na siku moja alfajiri hufunguliwa Gikomba mbele ya watu wanaotafuta koti la kazi. Hakuna anayeuliza vazi lilikuwa la nini. Kinachoulizwa ni kama zipu inafanya kazi. Nimemwona mwanamume akichimba mtaro pembeni mwa Outering Road akiwa katika joho jeusi la mchawi lenye nyota za fedha. Namjua mwendesha bodaboda anayevaa joho la Dracula lenye kola ndefu kila mvua inaponyesha, na husema hajawahi kupata kitu kinachokinga shingo namna ile. Mtoto wa jirani huja shule ya Jumapili katika suruali yenye mbavu na mifupa ya miguu, na mwalimu wake humsifu kwa usafi.

Ukiongeza matatu zetu, habari imekwisha. Mwaka 2004 kanuni za marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano na utulivu. Ulipofika mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta akawaruhusu vijana warudishe michoro yao, nao wakairudisha kwa riba. Asubuhi ya kawaida katika Jogoo Road unaweza kuingia ndani ya mdomo wa zimwi lenye macho ya taa nyekundu, ukaketi chini ya mafuvu matatu, ukapigwa kifuani na spika, na mwishowe ukadaiwa nauli. Eastlands huvaa Halloween mwaka mzima, ila hakuna anayeisherehekea.

Kazi ya kwanza ilikuwa boga. Nilishuka nalo wazo hilo hadi soko la Mutindwa, kwa mama mboga wangu wa siku zote.

"Nataka malenge. Kubwa, la mviringo, lisilo na kovu."

"Karibu kasta wangu. Ni ya mtoto anayeanza kula ama ya mukimo?"

"Ni ya kutoboa macho."

Alilirudisha boga chini polepole. Akanitazama, akamtazama jirani yake wa nyanya, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama. Nilipomweleza, alikubali kuniuzia, ila alinipa lililokuwa na ubovu upande mmoja, akisema zuri hawezi kuliuza likateswe. Wazee wa Kiacholi wanakataza kung'oa boga katika boma la zamani. Kuhusu kulitoboa macho hawakuacha neno, nadhani kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba mtu mwenye jiko angeweza kufanya hivyo.

Boga la kwetu pia si lile la kwenye picha. La kwenye picha ni la rangi ya chungwa na linakatika kwa kisu cha siagi. La kwetu ni la kijani kilichochanganyika na kijivu, na ngozi yake imejiandaa kwa vita. Kisu cha kwanza kilipinda. Cha pili kiliingia kikakataa kutoka. Ilibidi tuazime panga la msimamizi wa ploti, ambaye alitaka kujua matumizi yake, akaandika kwenye kitabu chake: "Panga, ghorofa ya tatu, boga."

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Murang'a kwa ajili ya kliniki ya macho. Aliketi kochini akitazama kazi yote bila kusema, mikono mapajani. Boga lilipopata jicho la pili, kubwa kuliko la kwanza, alishindwa kuvumilia.

"Kijana yangu, hiki chakula kimekukosea nini?"

Wajukuu wakamweleza Shosho wao kwa pamoja, wakipokezana kwa fujo, kwamba ni taa ya kutisha mapepo. Shosho alilichunguza lile boga lenye jino moja juu na mawili chini, akasema hilo haliwezi kumtisha mtu kwa sababu linafanana kabisa na mjomba wetu wa Kangema, na mjomba alikuwa mtu mpole. Kisha akakusanya mbegu zote akazitandaza kwenye sinia zikauke, akachukua nyama ya boga akaiweka sufuriani, na baada ya hapo akawaketisha watoto chini kuwafundisha kuogopa kwa utaratibu.

Akawasimulia juu ya irimu wa Wakikuyu, kijana mtanashati anayekuja ngomani na kuchumbia msichana mrembo kuliko wote, huku nywele zake zikificha mdomo wa pili kisogoni. "Huyu wenu," alisema akiliashiria boga, "mdomo ni mmoja tu, tena mbele, ambapo kila mtu anauona. Atamla nani?" Jirani wetu wa mlango wa pili, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, hakukubali Murang'a iongoze peke yake. Akaongeza Apul-Apul wa Wajaluo, ambaye hula mtu na kutafuta mwingine. Mke wangu, mzaliwa wa Vihiga, akawaleta Amanani, kisha akawaambia kwamba vijana wa Kitiriki wakitoka jandoni huvaa vinyago vinavyofunika uso mzima, na hakuna aliyewahi kuwapa peremende. Kabla maji ya chai hayajachemka, watoto walikuwa wamejibana katikati ya kochi na hakuna aliyetaka kwenda chooni.

Mimi nikaweka la kwangu juu ya yote, kwa kuwa ni la Nairobi hii hii. Pumwani, mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa na hofu yake ya usiku: wazimamoto. Watu walisimuliana kwamba gari jekundu la zimamoto halikuwa la moto, bali lilizunguka gizani likikamata watu na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alisikia simulizi hizo kutoka kwa wakazi wazee wa Pumwani, akaja kuzichapisha katika kitabu mwaka 2000. Hakukuwa na damu iliyonyonywa na zimamoto. Kulikuwa na serikali iliyowachukulia watu jasho, ardhi na usiku wao, nao wakaipa hofu hiyo gari na rangi. Hodi ikipigwa usiku, hakuna aliyefungua. Pengine ujuzi wetu wa mwisho wa mwezi tuliurithi huko.

Mavazi yalitengenezwa kwa vilivyokuwepo. Binti yangu alikuwa na pajama nyeusi ya mifupa niliyoinunua Gikomba kwa bei ya fagia, yaani bei ya vile vilivyobaki baada ya wenye macho kuchagua. Mtoto wa jirani alitaka kuwa maiti ya Misri, akajizungushia karatasi ya choo hadi mama yake alipokumbuka bei ya pakiti. Mpwa wangu alitaka kuwa pepo wa shuka jeupe, lakini katika ploti yetu hakuna shuka jeupe. Lililopatikana lilikuwa na nembo ya Arsenal, kwa hivyo tukawa na pepo wa Arsenal, aliyezoea kuambiwa asubiri msimu ujao.

Mwanangu wa miaka sita alikataa vyote hivyo. Alijifunga mto tumboni, akavaa koti langu, akabana kalamu nyuma ya sikio, akachukua daftari na simu mbovu akaiweka sikioni.

"Wewe ni nani?" dada yake akamuuliza.

"Mwenye nyumba."

Hata Shosho alisogea.

Hapa lazima niseme jambo bila mzaha. Eastlands si mahali pa kumruhusu mtoto atembee usiku amefunika uso. Mpango wa Nyumba Kumi ulianza mwaka 2013 ili majirani wajuane na kulindana, na bado kuna usiku ambapo kelele moja ya "Mwizi!" humhukumu mtu kabla hajaulizwa jina. Tulikubaliana masharti: hakuna kutoka nje ya ploti, kinyago kipandishwe kwenye paji la uso mlango ukifunguliwa, mimi nitangulie na boga lenye mshumaa, na ujumbe utumwe mapema kwenye kundi la WhatsApp la ploti.

Ujumbe niliutuma saa nane mchana: "Majirani wapendwa, leo jioni watoto watapita milangoni kwa mchezo. Tafadhali wapeni kitu kidogo." Jibu la kwanza liliuliza maji yatakuja lini. La pili lilisema nani amechukua ndoo ya bluu kule juu. Mchungaji wa ghorofa ya pili, kwa kuwa siku hiyo iliangukia Ijumaa, akatukumbusha kesha la usiku na kuandika mstari mrefu juu ya kutoshirikiana na giza. Kisha msimamizi akaweka nambari ya kulipia kodi, na kundi likafa papo hapo.

Saa moja na nusu tukaanza. Mlango wa kwanza ulikuwa na taarifa ya habari ndani, tukaisikia vizuri tukiwa kwenye ngazi. Watoto wakagonga. Mtangazaji akakatika katikati ya jina la waziri. Taa ikazimwa. Chini ya mlango tuliona ncha za miguu miwili iliyosimama bila kutikisika.

"Peremende au vituko!" watoto wakaimba.

Kimya.

"Baba, wako ndani," binti yangu akaninong'oneza.

"Hata wao wanajua."

Mlango wa pili ulikuwa vivyo hivyo, na wa tatu. Sherehe hii ilitungwa na watu ambao hodi ya usiku huwaletea watoto. Sisi hodi ya usiku hutuletea risiti. Katika mlango wa nne, mwanangu aliona dada yake anapoteza muda. Akapiga hatua mbele, akakohoa kikohozi kizito kilichotoka sijui wapi, akagonga kwa kalamu na kusema neno moja tu:

"Kodi!"

"Nimetuma!" sauti ikajibu ndani kwa kasi. "Angalia M-Pesa! Kama haijaingia ni mtandao!"

Mlango uliofuata ulijitetea kabla hata haujagongwa. "Nilimwambia msimamizi tarehe tano! Tarehe tano, mzee!" Mwanangu alifungua daftari akaandika. Alikuwa hajui kuandika vizuri, lakini mchoro wa kalamu ulisikika hadi ndani, na mwenye mlango akaongeza: "Basi tarehe nne."

Mama mmoja mtu mzima alifungua. Aliona mshumaa, akaona fuvu, akaona mtoto aliyefungwa bendeji nyeupe mwili mzima, akajishika kifua. "Woi, ni nani ametuacha?" Kabla sijamjibu alikuwa amefungua pochi na kutoa shilingi hamsini, akaomba jina lake liandikwe kwenye kitabu cha mchango na aambiwe mazishi ni lini. Mwanangu akaliandika. Nilimweleza mambo yote kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa kurudishiwa pesa, akasema hata kama leo hakuna aliyekufa, hazitakosa matumizi.

Mchungaji naye alifungua akiwa tayari na kipaza sauti cha kesha mkononi. Macho yake yalipokutana na mbavu za binti yangu, akarudi nyuma hatua moja na kunguruma: "Ninakukemea! Kwa jina la Yesu!"

"Amina!" fuvu likajibu, maana lilikuwa limelelewa vyema shule ya Jumapili.

Mchungaji alishusha kipaza sauti. Akauliza fuvu kama linajua mstari wowote wa kukariri. Likamtolea Zaburi ya 23 yote, bila kukwama, likisindikizwa na pepo wa Arsenal kwenye bonde la uvuli wa mauti. Akaingia ndani akarudi na pakiti nzima ya biskuti, akawawekea mkono kichwani mmoja mmoja, akatuomba tu kwamba mwaka ujao waje wamevaa Danieli na simba.

Tulikuwa kati ya ghorofa ya nne na ya tano wakati stima ilipopotea.

Kila ploti ya Eastlands ina wimbo wake wa stima kupotea, "Aaaai!" moja ndefu inayotoka katika madirisha yote kwa wakati mmoja. Baada yake giza likakamilika. Mwanga pekee ulikuwa uso wa boga mkononi mwangu, uso wa mjomba wa Kangema, ukielea hewani. Kisha likatokea jambo ambalo muuzaji wa Gikomba hakulitaja. Mifupa ya ile pajama ilikuwa imetiwa rangi ya kung'aa gizani. Hakuna aliyejua, kwa sababu hatukuwahi kuzima taa tukamtazama mtoto. Polepole, mbavu zikawaka. Mikono ikawaka. Fuvu zima la kijani likasimama kwenye ngazi likitafuna biskuti.

Jirani wa ghorofa ya tano alikuwa akipanda kutoka kazini Industrial Area, mfuko wa unga begani na sukuma wiki mkononi, akihesabu ngazi kwa miguu jinsi tunavyofanya sote. Alikunja kona. Akaona tulichokuwa.

"Mwizi! Mwizi! Mwiziiii!"

Sijawahi kuona milango ikifunguka namna ile. Milango iliyokuwa haina watu ikatoa watu watano watano. Aliyetuma kwa M-Pesa alitoka na chuma cha pazia. Wa tarehe tano alitoka na mguu wa stuli. Wa taarifa ya habari, ambaye hakuwepo, alitoka amevaa vesti na mwiko wa ugali bado ukiwa na ugali. Simu zikawashwa tochi, mianga ikapanda na kushuka ngazini, watu wakiuliza yuko wapi, ameelekea wapi. Nikapaza sauti kwamba ni watoto, ni watoto jamani, nikainua pepo wa Arsenal juu ili aonekane. Nao watoto, wakiona ploti nzima imejitokeza hatimaye, walielewa kwamba sasa sherehe imeanza. Wakapiga kelele kwa furaha:

"Peremende au vituko!"

Kulikuwa na kimya kifupi. Kisha mtu wa vesti akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi ngazini, na kicheko kikashuka ghorofa moja moja hadi chini. Yule wa Industrial Area aliokota sukuma wiki yake, mikono ikimtetemeka. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini alilia mwizi ilhali alichokiona hakikufanana na mwizi hata kidogo.

"Jirani," aliniambia, "ukilia shetani, watu wanafunga milango."

Waliokuwa na kitu wakakitoa. Mama wa mandazi wa ghorofa ya kwanza alileta yaliyokuwa yamebaki. Mwingine alileta njugu karanga, mwingine ndizi, mwingine nyanya mbili kwa kila mtoto akisema tamu ni tamu. Watu waliokuwa wakikutana kwenye ngazi kwa "sasa" na "poa" wakaulizana majina. Nikagundua kwamba yule wa mlango wa kwanza ni fundi wa friji, na yangu ilikuwa imenisumbua tangu Juni.

Raha hiyo ilikatizwa na tochi moja kubwa kutoka chini. Msimamizi wa ploti alikuwa amepanda na panga lake, akitafuta mwizi. Akamulika sura moja moja, ghorofa ya kwanza hadi ya tano. Taratibu panga likashuka, na mkono mwingine ukaingia mfukoni kutafuta kitabu. Tangu aajiriwe, alikuwa hajawahi kuwaona wapangaji wake wote mahali pamoja, tena mwisho wa mwezi, tena wote wakiwa hai. Akalowesha kidole kwa ulimi, akafungua ukurasa.

Ngazi zilikuwa tupu kabla hajasoma jina la kwanza. Aliyebaki mbele yake ni mtu mfupi mwenye tumbo, koti na daftari. Wakatazamana.

"Wewe umekusanya ngapi?" msimamizi akamuuliza.

"Hamsini," akajibu mwenye nyumba.

Asubuhi yake Shosho alilipika boga lililobaki, akalichanganya na viazi, mahindi na majani. Mukimo ulikuwa mzuri, ukiondoa ladha kidogo ya mshumaa. Majirani wawili walikuja kula, na mmoja wao alitengeneza friji.

Tangu siku hiyo nimesikia wengi wakisema Halloween ni ya kigeni na haituhusu, na wengine wakisema tusiachwe nyuma. Mimi naona ugeni wake hauko kwenye mafuvu, maana mafuvu tunayapanda kila asubuhi kwenda kazini. Wala hauko kwenye watoto kupita nyumba kwa nyumba. Siku ya Idi watoto wa Majengo na Eastleigh hupita milangoni wakiwa na nguo mpya na kupewa mkono wa Idi, na Krismasi sahani za chapati huzunguka ploti nzima zimefunikwa kwa vitambaa. Kilichokuwa kigeni kwetu ni hodi ya usiku isiyodai kitu. Hodi za aina nyingine zimetuzoesha kuzima taa, na tukizima taa kwa mdai tunamzimia na jirani.

Kwa hivyo ukitaka kufanya sherehe hii mtaani kwako, nakupa ushauri. Waambie majirani mapema, na soja pia. Watoto wasitoke nje ya geti wakiwa na vinyago. Kagua pajama yoyote ya Gikomba gizani kwanza. Chagua tarehe kumi na mbili hivi, wakati kodi imeshalipwa na watu wana roho, kwa sababu tarehe 31 kwetu tayari ina mwenyewe. Na mtoto akikugongea mlango usiku, mfungulie umpe hata ndizi moja. Kama bado una deni la kodi, muulize kwanza ni nani.